Samaki Katika Buti la Mzee Balbir

Mzee Balbir alifariki Jumatatu asubuhi, na habari zilinikuta kwenye foleni ya duka la mikate hapa mtaa wa Acocks Green, nchi ya Waingereza, nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule kama kawaida yangu, maana foleni na mimi hatujawahi kupatana. Ujumbe ulitoka kwa binti yake, Jas. Ulikuwa mfupi: baba ametuacha saa kumi na moja alfajiri, mazishi Ijumaa. Nilitoka kwenye foleni bila mkate. Nilitembea hadi kituo cha treni, nikageuka, nikarudi hadi mlangoni kwangu, nikageuka tena. Nilijua kwamba yu mgonjwa kitandani. Wiki tatu kabla ya hapo Jas alikuwa ameniandikia kwamba mzee anawaulizia watu wa zamani, na mimi nikamjibu kwa maneno matamu na kapicha ka mikono inayoomba, nikaahidi kwenda wikendi. Wikendi tatu zikapita. Katika wikendi hizo nilifua mapazia, nikapanga upya makabati ya jikoni, nikampigia simu kila mtu ninayemjua Nairobi, na kila mara nilipofikia kuvaa koti la kutokea nilikumbuka kazi nyingine. Sasa hapakuwa na kazi ya kukumbuka. Pale barabarani, mikono mitupu, niliamua kwamba Ijumaa nitamwambia Jas jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini na miwili. Kabla sijafika kwenye Ijumaa hiyo, acha nieleze mwaka wenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nangoja barua. Nilikuwa muuguzi kamili, niliyehitimu na kufanya kazi Kenya, lakini hapa sikutambuliwa mpaka karatasi zangu zikaguliwe na watu nisiowajua, katika ofisi nisiyoijua, kwa mwendo wao wenyewe. Wakati huo wa kungoja niliogesha na kulisha wazee katika nyumba moja ya wazee Acocks Green, na kulala nililala Sparkhill, kwenye chumba nilichokodi kwa dada Akinyi, muuguzi wa Kisumu aliyenitangulia kuja huku kwa miaka mingi na kunizidi kwa kila kitu: umri, mwili, sauti na uhakika. Nyumba yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nguo za harusi, na sakafu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulijua bibi harusi gani ameongezeka kiunoni tangu apimwe na mama mkwe gani hataki nyekundu. Mabasi ya Stratford Road yalitikisa vikombe kabatini tangu alfajiri. Mimi nilikuwa sikai. Nikirudi kazini nilisimama dirishani, nikakaa kitandani, nikasimama tena, nikashuka ngazi kutazama kama posta imeleta kitu, hata siku za Jumapili, siku ambazo posta haiji. Akinyi alikuwa akinitazama kutoka kwenye kochi, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi, na kusema, "Nyambura, unanifanya nichoke na mimi ndiye nimekaa." Siku hizi nina wauguzi vijana chini yangu wenye ugonjwa huohuo wa miguu, wakingoja karatasi zao, na siwaambii watulie. Sijui mtu hutuliaje.

Katika ile nyumba ya wazee alikuwamo mama mmoja Singasinga, Bibi Surinder, aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa ule ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chote, ukamwachia Kipunjabi, na Kiswahili cha Nakuru, alikozaliwa na kukulia hadi kuolewa. Siku ya kwanza alipofungua mdomo na kuniambia, "Wewe! Chai iko wapi?" niliangusha taulo. Meneja alifurahi sana. Akaandika kwenye ubao kwamba chumba namba tisa ni cha Nyambura, kwa sababu tunaelewana. Hakujua tunaelewana vipi. Bibi Surinder alidhani mimi ni yaya wa nyumba ya baba yake. Aliniagiza nifue, nipige pasi, nimwite mpishi, na nikikawia kujibu alinipigia makofi kama anayeita mbwa. Niliudhika, sitasema uongo. Nilijua ni ugonjwa, nimesomea ugonjwa, ningeweza kukuchorea ubongo wake na kukuonyesha palipoharibika, na bado nilikuwa nikienda chooni kuosha uso kwa hasira. Sikuvuka bahari nikiwa na diploma ili niwe yaya wa Nakuru ya kabla sijazaliwa.

Mumewe alikuja kila siku saa sita mchana. Mrefu, mkavu, kilemba cha rangi ya majivu, na mkononi chupa ya chai na kibakuli cha dengu ambamo alikuwa ameloweka vipande vya chapati hadi vikalainika. Alimlisha mkewe kwa mkono, tonge kwa tonge, na Bibi Surinder, ambaye kwetu sisi wote alikuwa akitema chakula, kwa mkono ule alikula. Huyo ndiye Mzee Balbir. Alikuwa fundi wa magari maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji za Nakuru, kilichonyooka kwa namna yake mwenyewe. Siku moja mkewe alinirushia kikombe, na mzee akanifuata koridoni.

"Sista, samahani sana," alisema. "Yeye hapana ona wewe. Yeye iko Nakuru, mwaka ingine."

"Na mimi je, Mzee? Mimi niko wapi?"

Nilisema kwa ukali, na mtu mwingine angekasirika. Yeye alinitazama miguu. "Wewe hapana iko pahali yoyote," akasema. "Tangu asubuhi miguu yako hapana simama. Jumamosi kuja hapa saa tisa, vaa gambuti. Mimi nafundisha wewe kitu."

Nilikwenda kwa sababu ilikuwa ni kwenda. Alinipeleka kwa gari lake la kijivu nje ya mji, mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba yanaanza, kwenye kijito ambacho ningekiruka kwa mbio fupi kama si tope. Klabu moja ya wavuvi ilikodi kipande hicho cha maji, na Mzee Balbir alikuwa mwanachama, mwenye kilemba peke yake kati ya watu sitini, baada ya kuomba mara nne na kungoja miaka sita. Kila mwanachama aliruhusiwa mgeni mmoja. Alikuwa ameninunulia gambuti, viatu virefu vya mpira, maana alijua sina, na akanilazimisha kupita posta kukata kibali cha kuvua cha serikali. Kisha akafungua kisanduku cha chambo zake. Hazikuwa minyoo. Zilikuwa vidude vya mbao, urefu wa kidole, alivyochonga mwenyewe kutoka kwenye mguu wa kitanda kibovu na kuvipaka rangi ya kucha ya mkewe, na kila kimoja kilikuwa na kinywa kilichochimbwa na ndoano tumboni. Hukizamishi. Unakirusha chini ya matawi yaliyoinamia maji, kinaanguka tap, unakiacha kielee hadi mawimbi yaishe, kisha unakivuta kidogo kinabugia maji na kusema blup, kama mtu anayekunywa uji kwa pupa. Kereng'ende aliyeanguka. Chura asiyejua aendako. Na mahali fulani chini ya kivuli kuna samaki aitwaye chabu, mweusi mgongoni, mdomo mweupe mnene, na kiangazi humpata akitazama juu.

Ninachokumbuka zaidi ni ule muda kati ya blup moja na nyingine. Mzee aliuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza ndani ya ndevu. Mimi uliniua. Upupu uliniwasha mapajani kupitia suruali, jua halikutaka kuzama, ng'ombe wa ng'ambo walitutazama, na sikuweza kukiacha kile kipande cha mti kilale juu ya maji hata kwa pumzi tatu. Tena lilikuwapo kosa kubwa kuliko hilo. Chabu akija, maji hupasuka. Unaona mdomo, unaona chambo kikimezwa, na mkono wako unaruka wenyewe. Ukivuta wakati huo, umemnyang'anya. Chambo kinatoka mdomoni mwake na kukurudia usoni. Inabidi uone yote hayo na usifanye lolote, mpaka uhisi uzito kwenye fimbo, ndipo uinue. Jumamosi ya kwanza nilinyang'anya wanne. Jumamosi ya tatu ndoano ilinasa kilemba cha mzee, na ilibidi akae kwenye nyasi niinasue taratibu, naye akicheka hadi machozi. "Macho yako nasema ndiyo," aliniambia, "lakini macho hapana shika samaki. Ngoja mkono iseme."

Samaki wake aliwarudisha wote. Alilowesha viganja kwanza, akamtoa samaki ndoano ndani ya wavu bila kumwinua, akamshika majini akielekea juu ya mkondo hadi apate nguvu na kupiga mkia aende. Mimi, mtu wa Murang'a, ambaye nyanya yangu aliita samaki nyoka wa majini na kukataa sufuria iliyompika, sikuwa na hamu ya kumla. Lakini hata hivyo niliona ni wazimu. Nilimuuliza mzee inakuwaje mtu mzima anaamka, anavaa, anaendesha gari, anamdanganya samaki kwa mguu wa kitanda, anamtoboa mdomo, kisha anambembeleza aende zake. Alinimiminia chai. Akasema Klabu inakataza kuua, samaki wote ni wa kurudi, na hiyo ni sheria ya Klabu. Lakini yeye alikuwa na sheria iliyotangulia ile. Bibi Surinder alikuwa amekula kiapo cha dini yao tangu ujana, hali nyama, hali samaki, na nyumba yao ilikuwa hivyo. Mumewe alipoanza kuvua, walikaa siku tatu bila kusemezana. Ya nne mkewe akamwambia enda, lakini niahidi kila mmoja atarudi akiwa hai. "Miaka thelathini na moja," mzee alisema. "Hapana ua hata moja. Yeye sasa hapana kumbuka jina langu. Lakini hiyo mimi nakumbuka kwa sisi wawili."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya. Sina kisingizio cha kutojua.

Nyumbani Akinyi alikuwa amepata mchezo. Kwake yeye, mtu wa ziwa, kwamba mimi naenda kuvua lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko vipindi vyote vya televisheni, na kwamba narudi mikono mitupu lilikuwa la kuchekesha zaidi. Kila Jumamosi nilipopanda ngazi na tope langu, alikuwa ameweka sufuria tupu katikati ya meza na kifuniko kando. "Karibu mvuvi," alisema. "Mafuta yako tayari, vitunguu viko tayari, ni wewe tunangoja." Nilipomweleza kuhusu kuwarudisha, alipiga paja. "Aki Nyambura, sema tu hujui kushika. Hakuna aibu. Mkikuyu na samaki, wapi na wapi?" Wakija watu wa kanisani kwake aliwasimulia, nao wakacheka, na mimi nikacheka pia huku nikiosha vyombo kwa nguvu. Mwaka ule kila kitu changu kilikuwa hakijathibitishwa. Uuguzi wangu haukuwa uuguzi mpaka mtu aseme, Kiingereza changu hakikuwa Kiingereza mpaka kipimwe, na mchana kutwa nilikuwa yaya. Hata uvuvi nao ulihitaji shahidi. Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mbele ya mchungaji na mkewe, Akinyi alipofika kwenye ile sehemu ya sufuria, nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Jumapili njooni mle. Nitaleta samaki mkubwa, aliyekufa jana yake." Wakapiga makofi.

Kesho yake kijito kilikuwa kimepungua, maji maangavu kama kwenye glasi. Mzee alibaki nyuma kwenye gari akitafuta miwani, akaniambia nitangulie hadi kwenye kona yenye mti ulioanguka. Nilirusha. Chambo kikatua sentimita chache kutoka kwenye gogo, mahali ambapo sikuwa nimewahi kupafikia. Nikakiacha. Sijui kwa nini siku hiyo niliweza. Mawimbi yalikwisha, nikakivuta kidogo, blup, na kivuli kikajitenga na gogo, kikaja bila haraka, mdomo mweupe ukafunguka, na chambo hakikuwapo. Sikuvuta. Nilisimama pale, mkono wangu ukangoja, na ndipo uzito ukaja, mzito na hai, hadi kwenye kiwiko, nikainua. Nililia kwa furaha. Nilimpigania peke yangu hadi kwenye wavu, chabu mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, magamba ya shaba, mapezi mekundu. Alikuwa samaki wangu wa kwanza. Na wa kwanza huyo nilimtoa kwenye wavu, nikampiga kichwani mara mbili kwa kisigino cha gambuti nililovua mguuni, nikamtia kwenye mfuko wa plastiki wa duka, nikaufunga fundo na kuuficha chini ya koti langu. Haikuchukua dakika tatu. Mzee alinikuta nikinawa mikono. Nikamwambia, "Mzee, nimempata! Mkubwa! Nimemrudisha." Akanishika mabega yote mawili, macho yakimng'aa, akanitikisa kama anayetikisa mti wa matunda. Akataka nimweleze tena na tena, chambo kilitua wapi, nilingoja kwa muda gani. Nilimweleza. Njia yote ya kurudi garini alikuwa akirudia, "Mkono yako ilisema. Mkono yako ilisema."

Niliweka koti na mfuko ndani ya buti. Pale getini, ambapo huwa hapana mtu, siku hiyo alikuwapo mlinzi wa mto, mzee wa Kiingereza aitwaye Ron, aliyekuwa rafiki wa Mzee Balbir kwa kiasi ambacho watu wawili wasiosema sana wanaweza kuwa marafiki. Alitaka kumwazima mzee wavu mpya, aujaribu. Mzee akafungua buti ili autie. Na hapo, mbele ya sisi watatu, koti langu likapiga teke. Samaki hakuwa amekufa. Mfuko ulipigapiga, ukapasuka, mkia mwekundu ukatokea chini ya mkono wa koti langu, ukagonga bati la gari, pa, pa, pa, kisha ukatulia.

Ron alivua kofia. Akauliza polepole ni samaki wa nani. Hakuniuliza mimi, alimtazama Balbir. Niliona mzee akilitazama koti, koti la kike la kijani ambalo hakuna mtu angesema ni lake, kisha akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Akaniwahi kwa Kiswahili, kwa sauti ileile aliyonikaribishia chai.

"Nyamaza, sista. Wewe iko na karatasi ya kungoja."

Ilikuwa kweli. Kuchukua samaki wa watu katika maji yao ni wizi kwa sheria ya hapa, na kwenye fomu zangu za usajili palikuwa na swali la polisi, na mzee alilijua kwa sababu nilikuwa nimemlilia kuhusu kila swali la fomu ile kandokando ya kijito. Nilifunga mdomo. Akamgeukia Ron na kumwambia kwa Kiingereza, "Wangu." Ron alisema, "Balbir, usinifanyie hivi." Mzee akasema tena, "Wangu. Nimemchukua nikale." Ron alilitazama koti kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Lakini mtu akishasema ni wangu mara mbili, mlinzi aandike nini? Alitoa daftari, akaandika.

Alinirudisha Sparkhill kwa gari. Nilisema samahani nadhani mara ishirini, naye aliendesha kama anayesikiliza injini ya gari jingine. Mlangoni kwetu alishuka, akafungua buti mwenyewe, akanipa mfuko kwa mikono miwili. "Pika," alisema. "Sasa kwisha kufa. Hapana tupa." Jumapili Akinyi alimkaanga na kumtia nazi, mchungaji akaomba, watu wakala. Alikuwa na miiba kama brashi na ladha ya tope. Akinyi alitoa mwiba wa sita kwenye ulimi, akaniambia mbele ya wote, "Sasa naelewa kwa nini wanawarudisha," na nyumba ikavunjika kwa kicheko. Nilikula kipande changu chote. Ilinibidi ninywe maji kwa kila tonge.

Barua ya Klabu ilitumwa nyumbani kwa mzee, na aliyeifungua ni Jas, kitinda mimba wao, mwanafunzi wa chuo, mwenye imani kali kama ya mama yake na hasira ya mtu wa miaka ishirini. Aliileta kwenye nyumba ya wazee saa sita mchana, mkononi, ikiwa wazi. Mimi nilikuwa nikiingia na sinia ya chai. Alimsomea baba yake kwa Kiingereza kwamba amefukuzwa kwa kuua samaki kwa ajili ya kumla, kisha akayasema hayohayo kwa Kipunjabi, kwa sauti ya juu, mbele ya mama yake. Sijui Kipunjabi, lakini nilijua neno la samaki, na nilijua Bibi Surinder amelisikia. Uso wake, ambao kwa miezi haukuwa na mtu ndani, ulirudiwa na mwenyewe. Alimtazama mumewe. Alimuuliza neno moja. Mzee alinitazama, na mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia, na ningeweza kusema kwa lugha mbili kati ya tatu za chumba kile.

"Weka chai, sista," alisema. "Halafu enda."

Nikaweka chai. Nikaenda. Nyuma ya mlango nilimsikia akijibu, neno moja na yeye, na sikuhitaji mkalimani.

Kuanzia siku ile Bibi Surinder hakula kwa mkono wa mumewe. Siku ya pili hakuweza kueleza sababu, ugonjwa ulikuwa umeifuta, lakini hasira yenyewe haikufutika. Tonge lilipokaribia aligeukia ukutani. Mzee alijaribu wiki nzima, saa sita kila siku, dengu zilezile. Mwishoni alinipa kibakuli. "Jaribu wewe." Nami nikampa, na mama akala, akanisifu kwa kunipapasa shavu, yaya mzuri. Nililisha kwa mkono uleule uliofunga ule mfuko, na mumewe akiwa amekaa dirishani akitazama maegesho ya magari. Hivyo ndivyo tulivyoishi mwezi wa tisa na wa kumi. Barua yangu ya usajili ilifika katikati ya wiki, wakati nimekwisha kuacha kuingoja, na Akinyi alipiga vigelegele hadi wenye duka wakapanda kuuliza kuna nini. Bibi Surinder alifariki siku tisa baadaye. Nilipata kazi hospitali, nikahamia Acocks Green, na nikawa mtu wa kualikwa kwenye harusi na sikukuu za familia ile, Sista Nyambura aliyemlisha mama hadi mwisho. Miaka ishirini na miwili nimekula chapati zao. Mzee Balbir alikuwa akiniuliza habari za kazi, habari za magoti yangu. Habari za kijito hakuniuliza hata mara moja, na kisanduku cha chambo sikukiona tena.

Ijumaa, baada ya kuchomwa maiti, tulikwenda gurudwara, hekalu lao, kula. Tulikaa chini kwa mistari, Jas akanijia, akakaa kando yangu, kitambaa cheupe kichwani, nywele zikianza mvi. Alinishukuru kwa Kiingereza kwa kumlisha mama yake. Nikamwambia asinishukuru. Nikamweleza yote, mfululizo, bila kusimama, gambuti, mfuko, koti langu la kijani, Kiswahili cha baba yake pale getini, sinia ya chai. Kwa muda alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hadithi ya watu wengine. Kisha akaacha kuitikia. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Kwa kweli nilijisikia mwepesi, hilo nalo niliseme. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu miguu yangu ilikuwa imetulia.

"Aliniita Jumanne ile," Jas alisema, akiitazama sahani yake. "Jumanne kabla ya kufa. Nikajua hawezi kwenda mbali. Nikamwambia, Dad, kabla hujaenda kwa Mama, omba msamaha kwa lile la samaki. Sikumwacha. Alikuwa hawezi kupumua na mimi sikumwacha. Saa nzima, Sista." Alikunja chapati, akaikunjua. "Na aliomba. Alisema, nisamehe, nilimuua. Alilia. Nikamwambia nimekusamehe."

Kando yetu mtu alipita na ndoo ya dengu, akaona nyuso zetu, akaenda kwa wengine.

"Wiki mbili," Jas alisema. "Ungekuja wiki mbili mapema."

Kutoka kwangu hadi mlangoni kwao ni basi moja tu, dakika kumi na tano kama hakuna magari mengi, na nilikuwa bado nazihesabu dakika hizo alipoinuka kwenda kuwaaga wageni.